Kimto cha sindano: mabaki ya vitambaa kutoka Kitui na Makueni, na faida yake kwetu Pwani

Katika nyumba nyingi za Pwani sindano hukaa mahali pasipo pake. Utaikuta imechomekwa kwenye pazia, kwenye ukingo wa godoro, kwenye buibui lililotundikwa ukutani, au imeanguka juu ya mkeka ambao mtoto atautambalia kesho asubuhi. Dawa yake ni kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja: kimto cha kuchomekea sindano na pini, ambacho wengine hukiita kitakia cha pini. Makala haya yanaeleza kimto hicho ni nini, kinashonwaje kwa mabaki ya vitambaa, kijazwe nini ili sindano zisiote kutu kwa hewa yetu ya bahari, na mwenye kukiuza apange bei vipi asile hasara.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Mombasa. Shughuli za kununua vitambaa na kuwafunza akina dada kushona zimenipeleka Kitui na Makueni mara kadhaa, na huko ndiko nilikoona vimto hivi vikishonwa kwa wingi na kwa akili. Ndiyo maana naanza na Ukambani kabla ya kufika kwetu.

Ukambani na sisi

Wengine wetu tukisikia Kitui na Makueni tunafikiria ukame tu, na maembe ya msimu. Lakini watu wa huko na wa Pwani wamekuwa wakibadilishana bidhaa tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka hadi Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, na kurudi na shanga, shaba na nguo. Nguo iliyotembea zaidi bara ilikuwa marikani, ile bafta nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani na kupata jina la nchi iliyotoka. Hata ramani ya Makueni ina alama yetu: mji wa Sultan Hamud, kwenye reli ya Mombasa kwenda Nairobi, umebeba jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902.

Mikono ya Ukambani nayo imefika kwetu. Simulizi maarufu ya uchongaji wa Wakamba humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo wachongaji wa Changamwe, walioungana katika chama cha ushirika, wanajulikana na kila mwenyeji wa Mombasa. Wawakumbuke wasomaji, maana unga wa mbao unaoanguka miguuni mwao tutauhitaji hapo mbele.

Kwa upande wa wanawake, kazi inayojulikana ni kiondo, ambacho kwa Kikamba huitwa kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Husokotwa kwa nyuzi za katani, na katani ni zao la Kibwezi tangu enzi za ukoloni. Pamba nayo imelimwa Kitui na Makueni kwa miaka mingi, ikapanda na kushuka kama ilivyoshuka kote nchini viwanda vya nguo vilipofungwa miaka ya 1990. Mwaka 2018, wakati wa gavana Charity Ngilu, serikali ya Kaunti ya Kitui ilifungua kituo cha kushona nguo cha KICOTEC huko Syongila. Kituo hicho kilishona sare, na korona ilipoingia nchini mwaka 2020 kikageukia barakoa, na jina lake likasikika Kenya nzima.

Penye kushona pana mabaki. Kitambaa kinapokatwa, vipande vya shati au sketi havipangiki vikajaza nguo yote; kati ya kwapa na kwapa, kati ya shingo na shingo, hubaki pembe na vijipande. Kwa fundi wa mtaani ni konzi moja kwa kila nguo. Mwisho wa mwezi ni gunia. Kwetu magunia hayo huishia jalalani au motoni, na kitambaa cha nailoni kikichomwa moshi wake unawasha macho na kifua.

Kutumia mabaki si jambo geni kwetu hata kidogo. Leso yenyewe ilianza hivyo. Wanawake wa Zanzibar na miji ya Pwani mwishoni mwa karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkononi, vile Wareno walivyoviita kwa neno lililozaa jina la leso, vikiwa bado havijakatwa kwenye jora. Wakachukua sita, wakavishona tatu kwa mbili, wakapata nguo moja ya kujitanda. Baadaye wenye maduka wakaona na kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Basi anayedhani kuunga vipande ni kazi ya mtu aliyekosa, na aiangalie vizuri leso aliyojifunga.

Kwa nini sindano ihitaji kimto

Sababu ya kwanza ni usalama, nami nitairudia mwishoni. Sababu ya pili ni kutu. Sindano nyingi ni za feleji iliyopakwa nikeli. Ile ngozi ya nikeli ikichubuka, hewa ya chumvi na jasho la vidole huila feleji kwa siku chache tu. Sindano yenye kutu haipiti kwenye kitambaa kwa ulaini. Inakwaruza, inavuta uzi, na inaacha doa la rangi ya samli. Anayeshona kofia ya viua anajua maana ya doa hilo. Kofia moja ya mkono yaweza kuchukua wiki nyingi, tundu kwa tundu, juu ya bafta nyeupe. Doa la kutu halitoki kwa sabuni, na mnunuzi wa kofia ya harusi hatalikubali. Hasara ya sindano moja mbovu, basi, ni kazi ya mwezi mzima.

Kule Kitui, ambako hewa ni kavu, mwaitu mmoja, kama wanavyowaita akina mama wa heshima, alinionyesha kimto chake alichokitumia kwa miaka. Kilikuwa kimejazwa pamba tupu ya shambani, na sindano zake zilikuwa zinang'aa. Nikamwambia, "Mama, hiki ukikishusha Mombasa mwezi mmoja, sindano zote zitakuwa nyekundu." Akacheka, akasema, "Basi nyinyi wa baharini mtafute cha kwenu cha kujazia." Ni kweli. Ushonaji tunaweza kuuchukua kama ulivyo. Kujaza ni lazima tufikirie upya.

Kijazwe nini?

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huipuuza, na ndiyo inayoamua kama kimto kitafaa.

Pamba ni laini na inapatikana, lakini inanyonya unyevu na kuushika. Pwani, pamba peke yake haifai.

Sufi, ambayo sote tumelalia mito yake, ina sifa nzuri: uzi wake una nta ya asili na haunyonyi maji. Zamani ilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Ubaya wake ni wepesi. Kimto cha sufi tupu hulegea haraka, na sindano huzama ndani hadi isionekane. Ichanganye na kitu kizito.

Sufu ya kondoo ndiyo bora kuliko zote. Manyoya ya kondoo yana mafuta yake ya asili, na sindano ikikaa humo hupakwa mafuta hayo kidogo kidogo, isiote kutu. Kondoo wa Ukambani na wa kwetu si wa sufu, lakini sweta kuukuu la sufu halisi hupatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo. Soma kitambulisho cha ndani ya shingo. Likiwa la akriliki liache, maana halina mafuta yoyote. Likate vipande vidogo kama punje za mahindi na usilifue kwa sabuni kali.

Unga wa mbao ni wa pili kwa ubora, nao ni wa bure. Unakamata sindano vizuri na unaipa kimto uzito. Uchekeche kuondoa vibanzi, uuanike juani siku mbili tatu mpaka ukauke kabisa, kisha uutie ndani ya mfuko wa bafta kabla ya kuuingiza kwenye kimto, la sivyo utavujia kwenye mshono.

Mchanga unafaa kuwekwa chini ili kimto kisisogee mezani, na unasaidia kunoa ncha. Lakini usichukue mchanga wa ufuoni. Hata ukiuosha, chumvi hubaki, na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia. Tumia mchanga wa mtoni, uuoshe, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke.

Makumbi ya nazi yana kasoro hiyo hiyo. Yale yaliyoozeshwa kwenye matope ya bahari ili yatoe nyuzi za kamba yamejaa chumvi. Ukiyataka, yaloweke kwenye maji baridi ya kisima, uyabadilishe maji mara kadhaa, ndipo uyaanike.

Vitu vitatu usiviguse. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo watu wa nchi kavu husifu kwa kunoa sindano, kwetu zitaota kutu zenyewe kabla ya sindano. Pumba za mchele na punje za nafaka huita wadudu na panya. Na vijipande vya nailoni tupu huteleza, sindano haishikiki.

Mchanganyiko ninaoutumia mimi ni huu: tabaka la unga wa mbao ndani ya mfuko wake, juu yake vipande vya sweta la sufu, na sufi kidogo pembeni ili kimto kipate umbo.

Kitambaa gani?

Chagua pamba iliyofumwa kwa kubana: kitenge, bafta, kikoi, jinzi laini, mabaki ya sare za shule. Leso ni nzuri kwa rangi lakini ni nyembamba, kwa hiyo itilie kitambaa kingine chini yake. Epuka kitambaa kinachovutika, kwa kuwa kimto kitavimba na kupoteza umbo, na epuka hariri na satini, kwani kila tundu la sindano litaonekana.

Rangi si urembo tu. Pini ya chuma hupotea machoni juu ya kitambaa chenye maua mengi. Weka walau upande mmoja wa rangi moja tulivu, hasa kama macho ya mshonaji yameanza kuchoka.

Namna ya kushona kimto cha viraka vinne

Fua mabaki, yaanike, yapige pasi. Kisha fuata hatua hizi.

Kwanza, kata vipande vinne vya mraba, kila kimoja sentimita 6.5 kwa 6.5. Tumia karatasi ngumu kama kipimo, usikadirie kwa jicho. Kata na kipande kimoja cha nyuma, sentimita 11.5 kwa 11.5.

Pili, unga vipande viwili viwili, uso kwa uso, ukiacha sentimita 0.75 ya mshono. Fungua mshono kwa pasi. Kisha unga jozi hizo mbili, ukihakikisha mishono inakutana katikati kama msalaba. Chomeka pini hapo kabla ya kushona. Utapata mraba wa sentimita 11.5, sawasawa na kile cha nyuma.

Tatu, weka mbele na nyuma uso kwa uso, ushone pande zote ukiacha uwazi wa sentimita 4 upande mmoja, si kwenye pembe. Anza na umalize uwazi huo kwa kurudisha mshono, maana hapo ndipo panapovutwa wakati wa kujaza.

Nne, punguza ncha za pembe bila kugusa uzi, geuza, na usukume pembe kwa kijiti butu. Mkasi utatoboa.

Tano, jaza. Jaza tena. Kimto cha sindano si mto wa kulalia. Kiwe kigumu kama chungwa bichi. Anayeanza hujaza nusu, na baada ya wiki kimto kimelala.

Sita, funga uwazi kwa mshono wa kuficha, sindano ikipita ndani ya pindo upande huu na upande huu. Kisha pitisha uzi mara mbili katikati, juu hadi chini, weka kifungo kila upande, vuta mpaka pabonyee, ufunge fundo. Vimto vya mraba vya sentimita 10 ndivyo hivyo. Mshonaji mzoefu humaliza kimoja kwa dakika 40 hivi.

Aina nyingine mbili

Makueni niliona vimto vilivyokaa ndani ya kiondo kidogo sana, cha ukubwa wa kikombe cha kahawa. Kwetu badala ya kiondo tuna kifuu. Chukua kifuu cha nazi, kikwangue na kukipiga msasa. Pima upana wa mdomo wake, kata duara la kitambaa lenye upana mara mbili ya huo, shona uzi wa kuvuta kuzunguka ukingo, jaza, vuta uzi, funga. Paka gundi ndani ya kifuu na ukandamize kimto humo. Kinakaa imara mezani na mgeni anakinunua kwa kukiangalia tu.

Cha tatu ni cha mkononi, kwa fundi anayepima nguo mwilini mwa mteja. Ni duara la sentimita 6 lenye mshipi wa lastiki. Sharti lake ni moja: chini yake weka kipande cha plastiki ngumu, kama mfuniko wa kopo, ili sindano isipite ikachoma kifundo cha mkono.

Bei na hesabu yake

Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Nimewasikia akina mama, Kitui na hata Likoni, wakisema kwamba kwa kuwa kitambaa ni mabaki, kimto kiuzwe shilingi 50. Kitambaa kweli ni bure. Mikono si bure.

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme mshonaji angelipwa shilingi 600 kwa siku ya saa nane. Hiyo ni shilingi 75 kwa saa, na dakika 40 ni shilingi 50. Uzi, cha kujazia na vifungo tuseme shilingi 15. Nauli ya kufikisha sokoni na vile vinavyoharibika, tuseme shilingi 15 tena. Jumla ni shilingi 80. Anayeuza kwa 50 hajapata kitu. Amempa mnunuzi shilingi 30 za jasho lake na kumshukuru juu yake. Akiuza 120 mtaani anabaki na 40 ya kuzungusha. Cha kifuu, kinachokwenda kwa watalii, kina saa zaidi ndani yake na bei yake iwe ya juu kwa kiasi hicho.

Tena mkubaliane bei katika kikundi. Mmoja akishuka, wote watashushwa. Na mjue kwamba kimto peke yake hakitamlisha mtu. Ni kazi ya kujaza nafasi kati ya nguo na nguo, na ni shule nzuri. Binti anayejifunza kushona atapata ndani ya kimto kimoja mshono ulionyooka, pembe, kukutanisha mishono, na mshono wa kuficha. Akikosea, amepoteza kiraka tu, hajaharibu kitambaa cha mteja.

Usalama

Wazee wetu walikataa kuuza sindano usiku. Wengine wanaliita jambo hilo ushirikina, lakini katika nyumba yenye taa ya kibatari, sindano iliyoanguka gizani ilikuwa hatari ya kweli. Ukiwa na kimto, fuata taratibu hizi.

Jua hesabu ya pini zako. Zikiwa 20 ulipoanza, ziwe 20 unapofunga kazi. Moja ikikosekana, usilale mpaka umeitafuta. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kijiti hupita chini ya kitanda na kwenye busati kuliko jicho.

Sindano iliyovunjika usiirudishe kwenye kimto. Weka kopo lenye mfuniko kwa ajili ya hizo.

Kimto kikae juu, mahali mtoto asipofikia. Kimto kizuri kinafanana na kichezeo, na hilo ndilo la kuogopa. Usikipe umbo la peremende, tunda au mwanasesere ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo.

Sindano ikimzama mtu mwilini na kukatikia humo, usiichokoe nyumbani kwa wembe. Itasogea ndani zaidi. Mpeleke hospitali apigwe eksirei, kwani chuma huonekana wazi kwenye picha, na muulize mganga kuhusu chanjo ya pepopunda. Mtoto akimeza pini, usimtapishe wala usimlishe ndizi ati zimsukume. Mpeleke hospitali hapo hapo.

Mwisho, kama una fundi jirani, mwombe mabaki yake ya wiki hii kabla hayajatiwa moto, na pita kwa mchongaji au seremala na mfuko mtupu. Vitu hivyo viwili, na sweta moja la mitumba, vinatosha vimto kumi. Kimoja weka nyumbani kwako, na sindano zote zilizo kwenye mapazia na magodoro zihamie humo leo.